Bati Moja kwa Kichwa cha Mpiga Ngoma Wetu

Wapendwa, Bwana asifiwe. Najua kapu limepita mbele yenu mara mbili mwezi uliopita, na ni mimi niliyetangaza kwamba hatutarudi tena. Tumerudi.

Mnamwona kijana wetu wa ngoma akiingia ibadani na helmeti ya bodaboda. Siku ya ajali hakuwa nayo. Sasa haivui ila akilala, na hulala kwa ubavu wa kulia tu. Mama yake ameishonea kipande cha leso ndani. Upande wa kushoto, kutoka kwenye nyusi hadi juu ya sikio, hakuna mfupa. Ngozi imebonyea kama embe lililoanguka, na akikohoa unaiona ikipanda na kushuka. Ndugu zangu, chini ya ngozi hiyo ni ubongo.

Madaktari waliutoa mfupa ili ubongo uliovimba upate nafasi, na hilo ndilo lililomwokoa. Ungerudishwa baadaye, lakini uliingia usaha ukatupwa. Sasa anahitaji kibao cha metali iitwayo titani, cha kupimiwa, kama suti kwa fundi. Picha za CT, zile za mashine inayoonyesha mifupa ya ndani, huingizwa kwenye kompyuta, upande wa kulia uliobaki mzima ukageuzwa kama kwenye kioo, kisha mwanga mkali wa leza huyeyusha unga wa titani tabaka juu ya tabaka hadi umbo litimie. Titani haishiki kutu. Hufungwa kwa skrubu fupi kuliko punje ya mchele.

Wapo wanaouliza kwa nini isitumike ile saruji ya mifupa ya bei nafuu, inayofinyangwa kwa mkono kisha ikawa ngumu. Nasi tuliuliza. Tukaambiwa pengo ni kubwa na limefika ukingo wa jicho. Kufinyanga kwa mkono hapo ni kubahatisha.

Jumla siiandiki. Tulipoiandika mara ya kwanza, wengi walituma salamu na maombi, tukashukuru. Karatasi ya bei iko kwa mweka hazina. Pesa zitalipwa hospitalini moja kwa moja, risiti zitabandikwa mlangoni.

Kanisa hili lilipovuja tulisikiliza mahubiri chini ya miavuli. Ninyi mlileta mabati, na aliyekosa bati alileta misumari. Leo ni bati moja tu, la ukubwa wa kiganja, na kiwandani hawaanzi bila malipo ya awali.

Harambee ni Jumapili, baada ya ibada ya pili. Mama yake hakutaka, lakini mwenyewe ameomba asimame mlangoni na kapu.