Mama mdogo anataka niache masta nikaishi naye Toronto, nimjibuje bila kuvunja undugu?

Shikamoo Anti, na habari zenu wasomaji wote. Mi ni binti, nasoma masta huku Kanada, jimbo la Saskatchewan, chuo sitakitaja. Naomba mnisome mpaka mwisho maana jambo lenyewe lina undugu ndani yake, lina pesa, na lina sheria za uhamiaji ambazo nyumbani nimeeleza mpaka nimechoka.

Mi kufika huku ni mama mdogo, mdogo wake mama tumbo moja. Yeye yuko Toronto miaka mingi, alikuja kama mwanafunzi, akabeba sana boksi, akamaliza, akapata ukaazi wa kudumu, sasa ana mume na watoto na anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilipopata admisheni ada ya semista ya kwanza alilipa yeye. Koti la baridi na buti alinitumia kwa posta mapema kabisa, maana anajua huku Januari inashuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri na kupita. Kwa hiyo nikisema namheshimu sijipendekezi, namheshimu kweli.

Sasa Anti, amejifungua tena, likizo yake ya uzazi inaelekea mwisho na shifti zake ni za usiku. Anataka nihamie kwake, niache hii masta, nichukue diploma ya biashara kwenye chuo kimoja kilicho jirani na wanapokaa, nilale bure, nile bure, usiku niwe na watoto. Anasema huko Waswahili wako wengi, sitakuwa mpweke, na diploma ni miaka miwili tu kisha nipate kazi. Anataka jibu kabla semista ijayo haijaanza.

Niseme ukweli kuhusu upweke maana ndo ameshikia hapo. Amenisikia nikilia kwenye simu si mara moja. Mi nilikuja nikijua Kanada ni nchi ya tamaduni nyingi, nilisoma kwamba walianza na hiyo sera mwaka 1971 na mwaka 1988 wakaitungia sheria kabisa, na sensa yao ya 2021 ilionyesha karibu robo ya watu wote walizaliwa nje ya nchi. Nikajua basi nikifika tu nitajiona nimo. Na kwa juu juu ni kweli, kwenye basi la asubuhi unasikia lugha hata tano, na mikutano ya chuo inaanza kwa kutaja mikataba na watu wa asili wenye ardhi, jambo ambalo lilinigusa sana mara ya kwanza. Lakini darasani kengele ikilia kila mtu anarudi kwa wa kwao. Wahindi wana grupu lao la WhatsApp, Wanaijeria lao, Wachina wana la kwao na hawatumii hata WhatsApp, waliozaliwa hapa wana marafiki tangu shule ya msingi. Hakuna anayekufukuza. Watu wana adabu sana, wanakufungulia mlango, wanakuuliza habari yako, halafu wanapita, na wewe umeshafungua mdomo ujibu.

Na semina ndo ilikuwa inanimaliza. Kuna maksi za kuchangia mada. Sie tumelelewa ukitaka kusema unanyoosha mkono unangoja kuitwa, huku hakuna wa kukuita, mtu anadakia pale mwenzake anapovuta pumzi. Mi naipanga sentensi yangu kichwani vizuri, nakagua sarufi, nikiwa tayari mada ishahama. Mwalimu akaniandikia kwamba kazi zangu za maandishi ni nzuri ila "hatukusikii". Nililia siku ile, na aliyepokea simu ni mama mdogo.

Ila Anti, hayo yamebadilika na yeye haamini. Kuna dada mmoja Mnaijeria wa mwaka wa mbele yangu alinifundisha kitu kidogo tu, niende na swali limeandikwa kwenye karatasi, niliseme mapema kabisa kabla mjadala haujashika kasi, nikishasikika mara moja sauti haigomi tena. Nimefanya hivyo na imesaidia. Halafu nikaanza kwenda ofisini kwa mwalimu saa zile alizobandika mlangoni, mwanzo nilidhani ni za wenye matatizo, kumbe wenzangu wote wanaenda tu kuongea.

Na kazi yenyewe naipenda. Nafanya utafiti wa udongo wenye chumvi, huku kuna mashamba ngano inakauka kwa mabaka, na ukiinama unaona ukoko mweupe juu ya ardhi. Tunachukua udongo, tunaukausha, tunausaga, tunaukoroga na maji mpaka uwe uji mzito, tunayavuta yale maji na kupima yanapitisha umeme kiasi gani, kadiri chumvi inavyozidi ndivyo namba inavyopanda. Kwetu skimu za umwagiliaji zina ugonjwa huohuo. Mi nikiwa maabara nasahau kula. Na msimamizi wangu ananilipa posho kutoka kwenye fedha za utafiti, si nyingi, lakini chumba nalipa mwenyewe, na ada inayobaki najibana. Tangu ile semista ya kwanza sijamwomba mama mdogo hela ya ada tena.

Sasa tuje kwenye sheria maana hapa ndo tunapogombana. Mama mdogo anasema "mbona sie tulikuwa tunahama chuo hata kwa wiki moja". Na hasemi uongo! Wakati wao ulikuwa unaingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji mtandaoni unabadilisha jina la chuo, basi. Lakini tangu tarehe 8 Novemba 2024 ukitaka kuhama chuo lazima uombe kibali kipya cha masomo, na kibali kipya ni maombi upya kwelikweli, wanaweza kukukatalia. Kwa diploma nitatakiwa kuwa na barua ya uthibitisho kutoka jimbo la Ontario, ndo jimbo ilipo Toronto, kwamba nimo kwenye idadi yao ya wanafunzi, na hizo barua zimewekewa ukomo tangu waanze kupunguza wanafunzi wa kigeni mwaka 2024. Nitatakiwa kuonyesha tena nina ada ya mwaka pamoja na hela ya kujikimu, ambayo tangu Septemba 2025 ni dola 22,895 za Kanada kwa mtu mmoja. Hiyo hela mi sina, na yeye hana.

Kubwa zaidi ni kile kibali cha kazi baada ya kuhitimu. Kinatolewa mara moja tu maishani. Nikimaliza masta hapa naweza kupata cha miaka mitatu na hawaangalii nimesomea nini, mradi kiwango cha lugha nimefikia. Lakini anayeomba kibali cha masomo sasa hivi kwa ajili ya diploma ya chuo cha kati lazima kozi yake iwe kwenye orodha yao, mambo ya afya, ufundi, sayansi, kilimo, elimu, usafirishaji. Diploma ya biashara ya kawaida haimo. Maana yake nitaacha masta inayonipa miaka mitatu ya kazi, nikasome diploma isiyonipa hata siku moja. Hata bima, huku Saskatchewan mwanafunzi wa kigeni anayesoma muda wote anapata kadi ya afya ya jimbo, Ontario bima yao ya jimbo haituchukui.

Nimemtumia haya yote, nimemtumia mpaka kurasa za serikali zenyewe. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti mreeefu kwamba nimeshajua kusoma sasa namsomesha yeye, na kwamba aliponilipia ada hakuniuliza sheria. Anti, iliniuma. Tena akampigia mama, na mama akaniambia "huyo ndo mama yako huko, fanya anavyotaka". Mama yangu anajua kitu kimoja tu, kwamba mdogo wake amejifungua ugenini na binti yake yuko nchi hiyohiyo hamsaidii. Nikimwambia kutoka hapa mpaka Toronto ni ndege ya saa tatu hivi anaona namtafutia visingizio, kwake Kanada ni Kanada.

Na mi namuelewa mama mdogo. Kulea huku bila ndugu ni kugumu mno, anatoka shifti asubuhi hajalala, mtoto analia, mkubwa anatakiwa shule, mume naye kazini. Nikifikiria hivyo naona nina roho mbaya kukaa huku napima udongo. Nimempa wazo kwamba likizo zile ndefu za chuo nimuombe msimamizi wiki kadhaa niende nikakae naye, na kila mwezi nimrudishie kidogo ile ada mpaka iishe. La kwenda likizo hakulijibu. La kurudisha hela akakasirika zaidi, akasema "sikukukopesha", na nahisi hapo ndo nilimchoma vibaya kuliko hata kukataa kuhama.

Kwa hiyo naomba ushauri kwa haya. Kwanza, nani wa kuongea naye, mi mwenyewe kwa mara nyingine, au nimtume mjomba wetu mkubwa ambaye wote wawili wanamsikiliza? Naogopa nikimtumia mjomba mama mdogo ataona nimempeleka kwenye kikao cha ukoo. Pili, ile hela, kwa mila zetu nimrudishie au kurudisha ni kama kumwambia hatudaiani na undugu umeisha? Kama kuna namna nyingine ya kushukuru nielekezeni, mfano niwe natuma kitu cha mtoto kila mwezi. Tatu, kwa mliosoma nje na mkawa na ndugu nchi hiyohiyo, mliweka vipi mpaka wa kusaidia na kusoma bila mtu kukuona umelewa elimu?

Kuhama sihami, hilo nimeshaamua na nimesali nikalala nalo. Ninachotafuta ni maneno ya kumwambia, maana Jumapili hii atapiga tena.

Msomaji wenu, Saskatchewan