Msichape hizo jezi!

Athens, Jumatano usiku

Sele ndugu yangu,

Shikamoo yangu mfikishie Mama, mengine tutasalimiana baadaye. Picha ya jezi zenu zenye majina kwa herufi za Kigiriki nimeiona. Mkimbilie fundi sasa hivi, mwambie asichape kitu!

Nani kawadanganya kwamba Kigiriki ni kuweka Δ mahali pa A na Σ mahali pa E? Δ ni "dh", ile ya dhahabu. Σ ni S. Na P, Mgiriki anaisoma R. Kwa hiyo hiyo "PΣTΣR" yenu mtu wa huku anaanza "rsts", halafu anakwama kwenye R, maana herufi ya umbo hilo hawana. Nimemwonyesha jirani, kacheka mpaka kakaa chini. Peter ni Πίτερ, basi.

Kazi ipo kwa wenye B, D na J. Β yao ni "v"; ukiandika Βοβ umemwita mtu Vov. Wao wanaunganisha: b ni μπ, d ni ντ, j ni τζ. David ni Ντέιβιντ, George ni Τζορτζ, Bob ni Μπομπ. Kama fundi anatoza kwa herufi, Bob imekula kwake: tatu zimekuwa tano. Joshua atanuna. "Sh" hawana kabisa, kwa hiyo ni Τζόσουα, yaani Josua. Mwambie hata Shakespeare huku ni Σαίξπηρ. Khamis ndiye mwenye raha, "kh" wanayo, χ.

Na huyo Giannis wa mpira wa kikapu mnayemshabikia, jina lake limepita humo humo. Jina la ukoo wao kwa Kiyoruba, lugha ya Nigeria, ni Adetokunbo. Wagiriki wakaandika Αντετοκούνμπο. Alipopata uraia wa Ugiriki 2013, likarudishwa kwenye herufi za Kilatini moja moja, likatoka Antetokounmpo. Hakuna aliyeuliza ile d ilikwenda wapi!

Nitumie majina yote, uniambie na yanavyotamkwa, maana huku wanafuata sauti. Nitayaandika mwenyewe kwa herufi kubwa, fundi anakili tu. Ningewachangia na hela, lakini mshahara wa huku... acha tu.

Advansi mmeshalipa? Nani kamwelekeza fundi, Maneno? Goti la Mzee linaendeleaje? Na yule wa Tandika, mmepatana au bado mnanuniana?

Wako,
Juma