Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mitaala: entropi ihesabiwe kabla ya kukaririwa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nafundisha fizikia. Muhtasari unatutaka tuanze entropi kwa fasili: ni kipimo cha vurugu. Wanafunzi wanaikariri na mtihani wanafaulu. Lakini mmoja aliniuliza, "Mwalimu, vurugu inapimwaje kwa jouli kwa kelvini?" Nilirudi kwenye ile fasili kutafuta jibu. Halimo.

Tangu hapo naanza na kokoto. Tunapanga vikombe sita, vitatu kushoto na vitatu kulia. Vikombe ni atomi, kokoto sita ni nishati. Ubishi wa kwanza haukosi: je, kokoto mbili zikibadilishana vikombe, hiyo ni njia mpya? Hapana, tunachotazama ni idadi iliyomo katika kila kikombe. Wakishakubaliana, wanahesabu. Kokoto zote zikikaa kushoto, kuna njia 28 za kuzigawa. Zikiwa tatu kila upande, kuna njia 10 kushoto na 10 kulia; kila ya kushoto yaweza kwenda na yoyote ya kulia, basi ni 100. Hakuna aliyezisukuma kokoto zisambae. Kusambaa kuna njia nyingi zaidi, basi. Na hizo ni atomi sita tu! Katika kipande cha chuma pengo hilo ni kubwa mno, ndiyo maana hatuoni joto likirudi lenyewe palipo na moto zaidi.

Sasa kanuni ya mwanafizikia Boltzmann, S = k ln W, ina la kusema: S ni entropi, W ni zile njia walizohesabu, ln ni logi. Njia zinazidishwa, logi inazigeuza kuwa za kujumlisha. Nayo k, 1.38 × 10⁻²³ jouli kwa kelvini, ndiyo inayomjibu yule mwanafunzi.

Clausius, aliyelibuni neno entropi mwaka 1865, afuate hapo. Jouli 600 zikitoka kwenye kitu kikubwa chenye kelvini 400 kwenda kwenye kingine chenye kelvini 300, gawa joto kwa kelvini: cha kwanza kinapoteza entropi ya jouli 1.5 kwa kelvini, cha pili kinapata 2. Nishati ni ileile, entropi imeongezeka kwa 0.5.

Naomba fasili ya vurugu iondolewe, na vipindi viwili vya kuhesabu vitangulie kanuni. Tena mtihani uwe na swali moja la kuhesabu njia, la sivyo walimu wenzangu, wanaokimbizana na muda, wataviruka vipindi hivyo.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa fizikia