Kwa nini tunatoza kupunguza uzito wa picha

Wiki haipiti hapa dukani Langoni bila mtu kutuuliza mbona tunatoza hela kupunguza uzito wa faili za picha, ilhali kuna tovuti za bure. Wa juzi alikuwa mkali zaidi. Alikuwa na picha kumi za nyumba ya wageni, akalipa mia tatu, kisha akarudi kusema tumemla pesa yake kwa kubonyeza kitufe. Basi tueleze.

Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli, yaani nukta za rangi, 4000 kwa 3000. Ingehifadhiwa bila kubanwa ingekaribia megabaiti 36. Ukiona ni nne tu, ujue JPEG, fomati (namna ya kuhifadhi picha) inayotupa baadhi ya taarifa ili faili liwe jepesi, imeshaibana humo humo ndani ya simu. Ndiyo maana hatuanzi na kubadilisha fomati; tunaanza kwa kuuliza picha inakwenda wapi. Kama ni ya tovuti, mara nyingi upana wa 1600 unatosha, na hapo tu pikseli zinazobaki ni chini ya moja ya sita. Halafu tunashusha ubora hadi 80 hivi kwa 100, tunaikuza kwenye skrini, tunakagua anga na kingo, maana anga la jioni ndilo linaloanza kuonyesha viraka. Fomati inaamuliwa mwisho: JPEG ya kawaida, au WebP ya Google, ambayo kwa ubora uleule huwa nyepesi zaidi. Picha kumi, mara kumi.

Bwana mmoja wa Shela alisikia PNG, fomati nyingine ya picha, "haipotezi kitu", akageuza picha zote za vyumba na baraza ziwe PNG. Kweli haipotezi kitu, na kwa sababu hiyo hiyo picha ya kamera ikiingia humo huvimba. Wageni wenye bando dogo wakawa hawaoni ukurasa, naye akamlaumu aliyemtengenezea tovuti. PNG ni ya nembo, orodha ya bei na picha ya skrini. Nembo nayo ukiigeuza JPEG, herufi zinaota vumbi pembeni, na pale palipokuwa wazi nyuma pake panakuwa kisanduku cheupe.

Lakini linalotuuma zaidi ni la WhatsApp. "Nimejitumia mwenyewe, imekuwa ndogo." Imekuwa ndogo, ndiyo, maana WhatsApp imeibana tena! Fundi mmoja wa milango ya nakshi alituletea picha ya namna hiyo, imeshazunguka vikundi viwili vitatu, akitaka bango. Tulimwambia haifai, akasema kwenye simu inaonekana safi, akaenda kuchapisha kwingine. JPEG hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ikibanwa sana hutupa kwanza vile vitu vyembamba vyembamba. Sasa nakshi ina nini kingine? Bango likatoka maua yote yamefutika. Picha asilia alishaifuta kwenye simu, na mlango wenyewe ulishakwenda kwa mnunuzi. Akapiga picha mlango mwingine, akalipia bango mara ya pili.

JPEG kila ukiihariri na kuihifadhi upya hupoteza tena. Tui zito likishamwagika, chicha uikamue utakavyo, halirudi. Na kuigeuza PNG baada ya hapo kunaongeza uzito tu.

Wanafunzi wa kujaza fomu nao hubadilisha jina la faili, mwisho wake ukasomeka .jpg, wakadhani wamebadilisha picha. Ndani ni ileile, fomu inaikataa, lawama zinaiangukia intaneti yetu.

Hizo tovuti za bure, nyingine ziko sawa, hatubishi. Ila nyingine hufuta taarifa zinazosema simu ilishikwaje, picha ikatokea imelala ubavu. Na tunashangaa mtu kupakia kitambulisho chake, mbele na nyuma, kwenye tovuti asiyoijua ni ya nani, kisha akabishana nasi kwa shilingi 50.

Hamsini ndiyo bei ya picha moja ya fomu. Kumi za tovuti ni 300, na nakala asilia tunakurudishia bila kuguswa. Mtuletee asilia basi: kwa kebo, kwa flashi, au kwa WhatsApp mkiituma kama hati, si kama picha. Wenye iPhone msihangaike na HEIC, fomati ya picha za simu hizo, kabla ya kuja. Ileteni hivyo hivyo, tutaigeuza hapa, na hiyo imo kwenye bei.