Ziara ya Jumapili: Faaa, Tahiti

Ndugu wanakikundi,

Jumapili alfajiri tutakwenda Faaa, mji wa wafanyakazi unaopakana na Papeete (mji mkuu wa Polinesia ya Kifaransa, visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Pasifiki), ambao wageni wengi huishia kuuona kwenye uwanja wa ndege tu, ule uliojengwa juu ya miamba ya matumbawe. Familia nyingi zilihamia huko kutoka visiwa vya mbali katika miaka ya 1960, Ufaransa ilipoleta kazi za majaribio ya nyuklia. Wazee wakilizungumzia jambo hilo, tafadhali tusikilize bila kubishana. Bebeni faranga taslimu, na msimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Tutakula samaki mbichi aliyechanganywa na ndimu na tui la nazi. Asiyeweza kula samaki mbichi anijulishe mapema, ingawa binafsi namshauri aonje.