Fahari ya fundi isihesabiwe kwa idadi ya matofali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ninaloliona kila siku kwenye maeneo ya ujenzi hapa Dar es Salaam, nalo ni namna tunavyosifia kazi ngumu bila kuuliza kama imefanywa ipasavyo. Mimi ni fundi mwashi, kazi yangu naipenda na ninajivunia, na ndiyo maana huniuma kuona jasho la wenzangu likipotea bure.

Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, liliweka juhudi na maarifa pamoja kuwa masharti ya maendeleo. Mifano yake ilikuwa ya shambani: jembe kubwa badala ya dogo, plau ya kukokotwa na ng'ombe, mbegu bora, kujua wakati wa kupanda na wa kupalilia. Lilisema wazi kwamba juhudi isiyo na maarifa haiwezi kuzaa matunda sawa na yale yanayopatikana viwili hivyo vinapokwenda pamoja. Juhudi tumeendelea kuihimiza majukwaani hadi leo, lakini maarifa tumewaachia watu wa ofisini, kana kwamba mshika mwiko na koleo hayamhusu.

Katika uashi, mafundi wengi hulipwa kwa idadi ya matofali waliyojenga, na anayejenga mengi kwa siku ndiye anayeitwa fundi hodari. Sipingi kasi, kwa maana wapo wenye kasi ambao ukuta wao ukiwekewa pimamaji na timazi hauna dosari. Tatizo huanza pale idadi inapokuwa kipimo pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya ubora wa jengo hupatikana katika hatua ambazo hazitoi jasho wala hazionekani kazi ikishakwisha: kupima mchanga na kokoto kwa chombo kilekile kila mchanganyo badala ya kukisia kwa koleo, kuchekecha mchanga wenye udongo, na kukataa maji ya kisima yenye chumvi pale zege linapobeba nondo, kwa sababu chumvi huzifanya nondo zishike kutu ndani kwa ndani.

Maji ndiyo yanayotuumbua zaidi. Zege likiwa zito, vijana wanaolipandisha kwa ndoo hadi ghorofani huchoka, na hapo mtu huongeza maji ili liwe jepesi kumwaga na kusawazisha. Kazi inakwenda haraka na kila mmoja anaondoka akiamini ameshinda siku, ilhali maji ya ziada huacha vitundu vidogo ndani ya zege na kulipunguzia nguvu. Likishamwagwa, kosa la pili hufuata. Wengi wetu tulijifunza kazi tukiamini kwamba zege huwa gumu kwa kukauka kama nguo kambani, kumbe saruji hushika kwa kuungana na maji, na zege likinyimwa maji mapema chini ya jua la Januari, muungano huo hukatika kabla ya wakati, uso ukapasuka na sehemu ya juu ikabaki dhaifu. Kwa sababu hiyo zege la saruji ya kawaida hutakiwa kuwekwa katika hali ya unyevu kwa siku zisizopungua 7, na wahandisi kwa kawaida huamua nguvu yake kwa kipimo cha siku ya 28.

Nilipata kufanya kazi na saidia fundi mmoja aliyekuwa akifika alfajiri, kabla yetu sote, akapanda kwenye slabu tuliyoimwaga, akayageuza magunia yaliyoifunika na kuyalowesha upya, kisha akapitisha kiganja chini ya gunia penye kona na kingo, ambako upepo hukausha kwanza. Hakuna aliyemsifu. Mwenye nyumba alipopita, alihoji kwa nini alipe mtu wa kumwagia sakafu maji. Kwa maoni yangu, kijana yule alikuwa na haki ya kujipiga kifua kuliko sisi tuliokuwa tukihesabu matofali, kwa kuwa alijua kwa nini anafanya kila alichokifanya na alikifanya bila kusimamiwa.

Ninawaomba wenye nyumba waache kuyaona malipo ya siku za kumwagilia kuwa hasara. Atakayependa kujua amepata fundi wa aina gani, apite siku ya tatu baada ya zege kumwagwa, saa za jua kali, aone kama slabu ina maji. Nanyi mafundi wenzangu mliojifunza mtaani, VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa, hurekebishwa pale anapopungukiwa na kupewa cheti. Tujitokeze tukapimwe. Kisha, tunapopatana bei, gharama ya kumwagilia tuiandike katika hesabu tangu mwanzo, na mteja akitaka kuifuta, tumweleze kwa utulivu ni ya nini kabla ya kukubali kuanza kazi.

Fundi mwashi,
Temeke, Dar es Salaam