Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu mliopigana, akina mama wajane na watoto wa mashujaa, nawasalimu kwa heshima na kuwasilisha kwenu taarifa ya mwaka ya chama chetu cha familia za askari waliofariki katika Vita vya Kagera.

Shughuli za kawaida zilifanyika kama mnavyozijua. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tulikwenda kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo pale Kaboya kwa basi la kukodi, tukaweka mashada, tukasali na kurudi salama. Tulifika kwenye misiba miwili ya wenzetu, na mwezi Oktoba tuliungana na taifa kumwomboleza Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 katika vita hivyo. Tulianza mwaka na akiba ya shilingi 318,000, tukakusanya ada 684,000 na michango 410,000, tukatumia 962,000, na zimebaki 450,000.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo limewaleta wengi wenu leo, yaani jina la ishirini na nane lililochongwa kwenye jiwe letu la kumbukumbu kabla ya mkutano kulipitisha. Imesemwa kwamba nilijichukulia madaraka, na imesemwa pia kwamba marehemu yule hakuwa askari bali mgambo. La kwanza nitalijibu kwa tarehe. Niliitisha mkutano tarehe 4 Mei, wakaja wanachama 13. Nikaitisha tena tarehe 15 Juni, wakaja 9. Katiba yetu inataka 22 kati ya wanachama 64. Wakati huo fundi wa mawe alikuwa anamalizia kazi zake hapa ili ahamie Mwanza, na mjane wa marehemu huyo alikuwa ametoka kulazwa. Niliwaita Katibu na Mhazini, tukakubaliana, tukalipa shilingi 180,000, na risiti iko mezani. Nauli ya safari tatu za kumfuatilia fundi niliitoa mfukoni mwangu na sijaidai.

La pili linanigusa zaidi. Uganda ilipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi letu halikufikia askari 40,000. Ndani ya miezi michache idadi ilizidi 150,000, kwa kuwa waliitwa mgambo, polisi, Magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Brigedi ya 201 iliyopambana na Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin, kwenye barabara inayokatiza kinamasi pale Lukaya, Uganda, tarehe 10 na 11 Machi 1979, ilikuwa na mgambo kwa sehemu kubwa. Huko ndiko alikofia mwenzetu huyu. Aliyewaita wakapigane aliwaita wote kwa wito mmoja, nasi hatuna mamlaka ya kuwagawa leo.

Mimi baba yangu amelala Kaboya. Nikifika pale naona jina lake, naweza kuinama na kufuta vumbi kwa kiganja. Mama huyu hana kaburi la kwenda, kwa sababu mwili wa mumewe haukutambuliwa. Nilipomtembelea mwezi Aprili alinifungulia mfuko wa nailoni wenye mkanda uliokatika kwenye tundu na barua moja ya kalamu ya risasi, ambayo imekunjwa na kukunjuliwa mpaka maneno ya kwenye mikunjo yamefutika. Katika barua hiyo mumewe anauliza kama migomba imepaliliwa na kama mtoto ameanza kutembea. Mtoto huyo ni mwanachama mwenzetu, analipa ada yake kila Januari, na kwa miaka yote amesimama mbele ya jiwe lenye majina ya baba za wengine. Baada ya jina kuchongwa tulimleta mama. Herufi zile bado ni nyeupe kuliko nyingine. Alizipapasa moja moja akizisoma, akaomba kiti, akakaa pale mpaka jua lilipozama. Kama kuna mwanachama anayetaka jina hilo lifutwe, naomba asimame aseme hivyo mbele yake, kwani yuko humu ukumbini.

Ninasikitika kusema kwamba baadhi ya waliolalamika zaidi hawajalipa ada. Kwa shilingi 24,000 kwa mwaka, tulipaswa kupata 1,536,000. Waliokamilisha ni 23, waliolipa nusu ni 11, na 30 hawajatoa hata shilingi, hivyo tunadai 852,000. Basi la Kaboya lilikuwa na viti 45 na tulikwenda watu 26. Wazee waliovuka mpaka wa Mutukula kwa miguu wakati wa vita walipanda basi hilo wakiegemea fimbo, huku vijana wenye nguvu wakituma udhuru kwa simu. Jambo hili liliniumiza siku ile na linaniuma mpaka leo.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuzungushia jiwe uzio, kuanza kuwarekodi wazee wakisimulia wangali hai, na pengine kuwapeleka watoto wa shule wakayaone magofu ya kanisa la Kyaka. Kiasi na muda vitategemea ada zitakavyoingia.

Nawashukuru Katibu na Mhazini kwa kusimama nami katika uamuzi ambao ningeufanya tena.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti